Tuliamua Mtindo wa Maelekezo Ndani ya Sauna

Wakuu, mmewahi kuona wanaume wawili wazima wamekaa uchi kwenye mvuke, wekundu kama nyanya, wakigombea namna ya kukoleza neno kwenye kompyuta?

Mimi nimeona. Tena nilikuwa refa.

Tulikuwa watatu hapa mjini Kuopio, kwenye nchi ya baridi na theluji: mimi, Osmo na Veikko. Tulitengeneza programu ya bure ya kupanga zamu za sauna, kile chumba cha mvuke wanachochangia wakazi, kwenye majengo ya ghorofa. Huku zamu ya sauna si mchezo. Gusa zamu ya jirani ya Jumamosi uone atakavyokununia mpaka uhame.

Jengo langu ndilo lilikuwa la kwanza kuijaribu. Mwenyekiti wa wakazi, mama Irmeli, akatubana.

"Jumatatu kwenye mkutano nataka maelekezo ya kutumia hiki kidude chenu. Hakuna maelekezo, tunarudi kwenye karatasi ya mlangoni."

Dah! Kazi ya miaka miwili ife hivi hivi?

Na tatizo lilikuwa la kijinga kabisa. Maelekezo ya programu huandikwa kwa maandishi ya kawaida yenye vialama, nyota hapa, mstari pale, halafu kompyuta inayageuza kuwa kurasa safi. Mitindo ya vialama iko mingi. Wenzangu walikuwa wameshindwa kukubaliana tutumie upi.

"Markdown, basi!" Osmo alifoka. "Hata bibi yangu anajifunza kabla kahawa haijapoa."

"AsciiDoc," Veikko akasema.

"Kwa nini?"

"Majedwali yake mazuri."

"Majedwali ya nini, na hatuna hata ukurasa mmoja? Wewe bwana vipi?"

Veikko akainua mabega, akarudi kwenye kompyuta yake. Miezi minne hivyo hivyo, na habanduki.

Jumamosi ilipofika nikachoka. Ilikuwa zamu yangu ya sauna.

"Twendeni sauna," nikawaambia. "Atakayetoka wa kwanza, mtindo wake umekufa. Sitaki kesi tena."

Wakakubali, wapuuzi wale.

Tukapanda benchi la juu. Osmo akamwagia maji mawe ya moto, mvuke ukapanda. Veikko akaongeza. Masikio yangu yakaanza kuwaka.

"Umeiva, kaka. Toka tu," Osmo akamchokoza.

Veikko akavumilia, akavumilia, mwisho akashuka, akatoka nje.

"Markdown oyee!" Osmo akapiga kelele.

Nikamfuata Veikko nje. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, kajifunga taulo, anaitazama theluji kama mtu aliyefiwa. Nikamuonea huruma, nikampa soseji moja kati ya mbili nilizoleta tule baada ya sauna.

"Usijali, kaka. Ni vialama tu."

"Sasa itabidi niyabadilishe yote."

"Yote yapi?"

"Maelekezo."

Soseji yangu ikanidondoka.

"Yapo?!"

"Yapo. Tangu vuli. Kila kitu, na majedwali ya zamu."

"Veikko! Mbona hukusema?"

Akakuna shingo. "Ningeonekana najisifu."

Kumbe Osmo alikuwa kasimama mlangoni, anatoa mvuke mwili mzima.

"Miezi minne nabwata, na kitabu kipo?"

"Hukuuliza," Veikko akajibu.

Osmo akamkodolea macho. Halafu akaangua kicheko, akacheka mpaka akakaa chini kwenye theluji, akaruka juu huku akijishika makalio. Hata Veikko akacheka, na yule huwa hacheki.

"Basi ni AsciiDoc," Osmo akasema. "Mimi nimeshinda na sina hata mstari mmoja. Ushindi gani huo?"

Jumatatu mama Irmeli akayafunua yale maelekezo ukurasa kwa ukurasa. Wakazi wakapiga kura, programu ikapita.

"Safi sana. Nani kaandika?"

Mimi na Osmo tukamnyooshea kidole Veikko.

Veikko akaangalia viatu vyake.

"Tulisaidiana," akasema.

Wakuu, kabla hamjatoana povu kazi ifanyweje, ulizaneni kwanza kama kuna mtu ameshaifanya. Na wewe uliyeimaliza ukakaa kimya, fungua mdomo bwana. Wenzako tunaungua.