Jirani Yako Yupo?

Juzi juzi nilipanda basi Mbeya kwenda Iringa. Mafinga tukasimama kula, dakika kumi za kupanga foleni chooni na kumeza chipsi za moto, kisha honi ikalia. Konda akasimama mlangoni akapaza sauti: "Haya, kila mtu amwangalie jirani yake! Jirani yako yupo?" Akaanza kupita siti kwa siti. Mimi nilikaa nyuma kabisa, nikajua atachukua muda kunifikia. Wewe mwenzangu umeshaulizwa swali hilo mara ngapi, ukajibu "yupo" bila hata kugeuza shingo? Mimi kila nikilisikia, nageuza shingo.

Nilikulia Ubaruku, kule kwenye mpunga. Baba alitoka Usukumani na ng'ombe wake, akayaona majani ya bonde letu la Usangu, akasema hapa ndipo. Nyumbani tuliongea Kisukuma. Kiswahili nilikikuta shuleni, nacho kilinipokea vibaya. Nikifungua mdomo, darasa zima kicheko. Asubuhi walinisalimia "Mwadila!", salamu yetu ya mchana, na mimi kwa ujinga wangu nikawa nawasahihisha, ndipo wanacheka zaidi. Mama alinipaka samli badala ya mafuta ya dukani, kwa hiyo kwenye dawati nilikaa peke yangu. Kuchekwa mtu anazoea. Kukaa peke yako huzoei, usidanganywe.

Nilipokuwa darasa la tano, mwalimu wa jiografia akatupeleka matembezi Iringa, tukaone nguzo za udongo za Isimila na mji wenyewe. Wenzangu walibeba wali na kuku wa kukaanga. Mama alinifungia michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa mpaka vikakauka kau, na karanga juu yake. Niliificha chini ya sweta.

Mwalimu alikuwa na utaratibu wake. Siti alipanga mwenyewe, wawili wawili, na kila tukishuka na kupanda atauliza: "Jirani yako yupo?" Hujijibii wewe, unamjibia mwenzako. "Barabara ni ya serikali," alituambia, "jirani ni wako."

Mimi alinipangia msichana mwenzangu, aliyelelewa na bibi yake mzaa baba, muuza vitumbua karibu na mashine ya kukoboa mpunga. Darasani hatukuwahi kusemeshana. Mpaka tunafika Makambako alikuwa anatazama nje tu. Njaa ikanishinda, nikachomoa mchembe mmoja kwa siri. Mvulana wa siti ya mbele akanusa, akageuka. "Oneni, Msukuma anatafuna magome!" Basi likalipuka kwa kicheko. Jirani yangu hakucheka. Alinyoosha mkono, akachukua kipande, akatafuna taratibu kama mtu anayeonja mboga jikoni.

"Tamu," akasema kwa sauti ya kusikika. "Jirani, nipe kingine."

Nakwambia kweli, sijawahi kupewa sifa iliyonifurahisha kama ile. Kutoka hapo tukawa jirani na jirani, majina tukayasahau. Isimila tulishuka korongoni tumeshikana mikono, maana changarawe zilikuwa zinateleza. Nguzo zile zilisimama juu yetu ndefu, nyekundu, na upepo ukipita katikati yake unatoa mluzi. Mwalimu alieleza habari za watu wa kale na mawe yao ya kuchinjia. Sikumsikiliza hata kidogo. Nilikuwa na rafiki, mambo ya kale yangenisaidia nini?

Mchana tukapanda mjini. Kwa sisi watoto wa tambarare, mji uliokaa juu ya kilima ni ajabu tosha, na baridi yake ilituingia mpaka kwenye meno. Mwalimu alitupa nusu saa ya kuzunguka sokoni. Hapo ndipo jirani akanivuta pembeni.

"Mama yangu ana genge humu ndani, la nyanya. Sijamwona tangu darasa la tatu. Bibi hataki." Alikuwa anahema kama aliyetoka mbio. "Naenda kumwona. Mwalimu akiuliza, sema nipo."

"Utarudi?"

"Wewe sema nipo."

Tulipopanda basi, mwalimu akaanza kuuliza. Nilichungulia dirishani. Nikamwona upande wa pili wa barabara, amesimama na mwanamke aliyevaa aproni, ameushika upindo wa kanga ya mama huyo kwa mikono miwili. Hakutazama basi. Nilielewa kwamba harudi. Nilielewa pia kwamba nikisema ukweli, nitampoteza mtu pekee aliyekula michembe yangu.

"Jirani yako yupo?"

"Yupo," nikasema. Mwalimu hakunyanyua macho kwenye daftari lake. Basi likateremka kilima.

Nilijiona shujaa mpaka Ifunda. Pale mwalimu alisimamisha basi akagawa mikate, mmoja kwa watu wawili, tukae tugawane. Huku anagawa anatutania: "Chukueni mapema, asiyekuwepo na lake halipo!" Akaninyooshea mkate, akapita. Nikabaki na mkate mzima mapajani. Kila siti ilikuwa inamega, inagombania upande wenye ganda, na mimi nimeshika mkate mzima na pembeni yangu hakuna mtu. Machozi yakaja yenyewe. Mwalimu akarudi, akatazama siti, akanitazama mimi.

"Yuko wapi?"

"Kwa mama yake," nikasema.

Hakunipiga. Alikaa chini kwenye ngazi ya basi, mtu mzima yule, akashika kichwa. Kisha akamwambia dereva ageuze. Safari ya kurudi Iringa hakuna aliyetania mtu.

Tulimkuta amekaa juu ya tenga la nyanya, anakula ugali. Mama yake hakubishana. Alimfuta mdomo kwa kanga, akamtilia maparachichi mawili mfukoni, akasema, "Nenda, mama. Bibi yako atasema nimekuiba." Alimsindikiza mpaka mlangoni pa basi, halafu akageukia ukuta wa soko.

Jirani alikaa pale pale pake. Nilimega mkate, nusu nikaiweka mapajani kwake. Hakuigusa.

"Nilikuambia useme nipo."

"Nilisema."

"Ungesema mpaka Ubaruku."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyowahi kuniambia. Nusu ile ya mkate ilifika Ubaruku mapajani kwake, na asubuhi darasani alikaa dawati la mbele. Muhula uliofuata baba akaswaga ng'ombe kutafuta majani mengine, tukahama. Nilisema uongo nikampoteza, nikasema kweli nikampoteza tena. Hadi leo sijui kipi kilikuwa kosa.

Siku hizi naishi Soweto, Mbeya. Mama ametangulia mbele ya haki na hakuna anayenianikia michembe. Kwenye basi watu wanavaa vitu vya masikioni kabla hata hujasema habari za asubuhi, unafika Iringa hujui uliyekaa naye anakwenda msibani au harusini. Sokoni pale nimeshaulizia mara nyingi genge la mwanamke wa nyanya. Wananiuliza jina. Sina: la mama sikulisikia, la binti limenitoka. Ninalo neno jirani tu.

Konda akanifikia. Kwenye siti ya dirishani palikuwa na begi langu peke yake. Siti ile haikuwa na abiria tangu Mbeya.

"Dada, jirani yako yupo?"

"Hayupo," nikasema.

Akageuka haraka, akapiga bodi la basi kwa kiganja. "Dereva, subiri! Kuna mtu kabaki!" Akaniinamia. "Kabaki wapi, dada? Tumsubiri?"

Basi zima likanigeukia. Nilichungulia nje, utadhani kweli kuna mtu.

"Hapana, kaka," nikamwambia. "Twende tu."