Kobalti Ndani ya Kondo

Mdogo wangu alijifungua mtoto aliyefia tumboni. Mimba ilikuwa imekua naye angali akiosha mawe ya kobalti kule mgodini Mutoshi, maji mekundu yakimfika magotini. Mimi ni fundi wa maabara katika hospitali ya Kolwezi alikojifungulia, na siku ile nilikuwa zamuni. Alinishika mkono akiwa bado kitandani, akaniita yaya, yaani mkubwa wake.

"Yaya, ulisemaka munatafuta kobalti mu miili ya bamama. Ile nyumba ya mutoto, muikamate."

Alimaanisha kondo la nyuma, tulichukue. Nilikata vipande vidogo kama punje za mchele, nikavizamisha palepale katika nitrojeni iliyo kimiminika, baridi inayochoma kama moto. Machozi nilitoka kuyalia uani.

Ng'ambo kulikuwa na mashine ya kukipiga kipande kilichoganda kwa mwale mwembamba sana na kuonyesha kobalti imekaa wapi ndani ya seli moja. Lakini kipande kikipata joto njiani, barafu hupasua seli na kobalti huhama mahali pake. Picha ingetoka, ila ingekuwa ya uongo.

Siku ya kuvipeleka Lubumbashi, ambako vingeongezewa nitrojeni na kupelekwa ng'ambo kwa ndege, mdogo wangu alikataa kubaki. Mfanyabiashara mmoja Mwislamu, mtu wa Maniema, alitupa nafasi mbele ya lori lake, akiliendesha mwenyewe. Mtungi wa nitrojeni niliubana katikati ya miguu. Foleni ya malori ilikuwa ndefu, jua kali, na kila nilipoutikisa niliusikia umezidi kuwa mwepesi. Nitrojeni ilikuwa inakwisha.

Kwenye kizuizi cha barabarani, askari aliuona moshi mweupe wa nitrojeni ukivuja mfunikoni.

"Kuko nini mu ile kopo?"

"Bipande bya mwili, shefu. Bya hospitali."

"Bongo! Munadanganya. Munabeba mawe ya kobalti. Fungula, umwange chini tuone."

Karatasi za hospitali alizisukuma kando, akaukamata mtungi kwa mkono. Nami niliushika. Tukavutana. Dereva alikuwa akinong'ona dua.

Mdogo wangu akashuka. Akasimama mbele ya askari, kitambaa kimefungwa kifuani kuzuia maziwa.

"Tata, mutoto wangu alikufa. Hii njo kitu moja tu bakanibakishia. Ukimwanga, sitajua hata siku moja ile kobalti iliingia wapi."

Askari alimtazama kifuani, kisha usoni. Akauachia mtungi. "Piteni," akasema, na fimbo ya kizuizi akaiinua mwenyewe.

Tulipofika, ndani ya mtungi, chini kabisa, kilikuwa kimebaki kidimbwi tu cha nitrojeni. Lakini kilitosha.

Picha ilikuja baada ya miezi mingi. Nilimwonyesha mdogo wangu kwenye kompyuta: seli moja, na ndani yake vidoa vya kobalti vimesongamana upande mmoja, karibu na kiini.

"Hii njo iliua mutoto wangu?"

Nilitamani kumwambia ndiyo. Nikamwambia ukweli: picha inaonyesha kobalti ilipokaa, haionyeshi ilichofanya.

Aligusa vile vidoa kwa kidole. "Lakini iliingia."

"Iliingia."

Wiki ile alikwenda Mutoshi, lakini si kuosha mawe. Aliwakuta wanawake wenzake majini, akawaita wenye mimba mmoja mmoja watoke. Wengine walimcheka, wengine walimtukana. Wawili walitoka, wakaketi naye ukingoni, miguu ingali inachuruzika maji.