Siku Niliyopaka Sakafu Nikaishia Konani

Nianze na aibu yenyewe ili tusizungushane: huko Gatuanyaga wako wazazi wengi walioniona nimesimama kwenye kona ya darasa la chekechea, suti ya rangi ya maziwa, mavi ya ng'ombe mpaka viwikoni, siwezi kutoka wala kujificha, na aliyenifikisha hapo hakuwa adui, ni mimi na huu mdomo wangu.

Nilikuwa nimetoka Lodwar. Vumbi mpaka Kitale, baridi ya Nakuru alfajiri, halafu Thika, na njia nzima hiyo suti nimeipakata ndani ya nailoni kama mtoto mgonjwa. Mimi ni mtu wa kuhamahama (nimechimba visima Maralal, nimeuza mitumba Isiolo), lakini safari hii nilikuwa nimesema natulia, nikakodi chumba Gitothua, hapo Ruiru, na nikanunua kitanda cha pili, kwa sababu nilitaka jambo moja tu: binti yangu Wambui akubali kuja kukaa nami likizo. Wambui yuko gredi ya nane. Mimi na mama yake tuliachana akiwa mdogo sana, mama akaolewa na Njoroge, mfugaji wa Gatuanyaga, na huyo Njoroge ndiye amemlea. Mimi Wambui ananiita "Baba wa Lodwar". Njoroge anamwita "Baba", basi, bila kutaja mji.

Nilipompigia simu kuhusu likizo akasema, "Kuja kwanza mkutano wa wazazi Ijumaa. Halafu nitakuambia." Nikajua huo ni mtihani, nikapiga suti pasi.

Mkutano ulikuwa nje, kando ya darasa la chekechea. Mama mmoja alikuwa amelalamika kwamba mtoto wake anarudi nyumbani sare imechafuka mavi ya ng'ombe, maana darasa hilo bado lina sakafu ya udongo, na kila Ijumaa wasichana wakubwa huipaka ili vumbi litulie na funza wasiingie. Swali likawa, je, watoto waisafishe shule yao wenyewe, ama hiyo ni kazi ya wakubwa?

Sasa mimi msimamo wangu nilikuwa nao tangu Lodwar: mtoto amepelekwa shule asome. Nilishamwambia kinyozi, nilishamwambia mama wa chapati pale Gitothua, na nilikuwa tayari kuuambia mkutano. Mwenyekiti akasema, "Tumsikie Baba Wambui." Tukasimama wawili.

Watu wakaguna. Mwenyekiti akanitazama mimi, akamtazama Njoroge, akasema, "Yule wa hapa."

Nikaketi. Njoroge akavua kofia, akasema polepole, "Hawa watoto wakitoka hapa wanachota maji, wanakatia ng'ombe nyasi, wengine wanapika. Hiyo sakafu tuifanye sisi. Wao wasome."

Msimamo wangu! Ule ule niliobeba kutoka Lodwar! Na Wambui, aliyekuwa akigawa chai na wenzake, akamtabasamia, na hilo tabasamu ndilo nilikuwa nimevuka nchi kulitafuta.

Nilijikuta nimesimama tena bila kuitwa. "Watoto wa siku hizi mnawalea kama mayai!" nikasema. "Sisi tulileta mavi ya ng'ombe kutoka nyumbani, tukapaka madarasa, na hakuna aliyekufa! Hata leo darasa kama hili nalimaliza kabla chai yenu haijapoa."

"Haiya!" mama mmoja akasema kutoka nyuma. "Si apewe?"

"Apewe! Apewe!"

Mwalimu mkuu akasema hata yeye angependa kuona. Na ng'ombe wa karibu alikuwa wa nani? Wa Njoroge, ng'ambo ya barabara. Akaenda mwenyewe, akarudi na karai limejaa, bado linafuka moshi, akaliweka karibu na miguu yangu bila dharau yoyote (afadhali angenidharau), akauliza, "Nikushikie koti?"

"Niache nalo," nikamwambia.

Hapa kuna kitu sikuwa nimewaambia, na hata mimi nilikuwa nimekisahau kwa kupenda sana kusimulia mambo ya zamani. Enzi zetu kupaka ilikuwa kazi ya wasichana. Sisi wavulana tulichota maji mtoni, tukayatua, tukaenda kucheza. Miaka yote hiyo nimesifia sakafu ambayo ni dada zangu walioipigia magoti.

Basi nikaanza mlangoni, maana mlangoni ndipo watu walikuwa, na Wambui. Nikapiga magoti, nikapaka kwa madaha, mkono unachora nusu duara, nikasonga mbele, nikasonga tena, nikasikia watu wamenyamaza nikadhani ni heshima. (Akina mama wote walikuwa wameshaona. Hakuna aliyefungua mdomo. Watu wa Gatuanyaga wanajua kungoja.) Nilipogusa ukuta wa mwisho nikainuka, nikageuka nipigiwe makofi, ndipo nikaona sakafu yote mbichi, inang'aa, kati yangu na mlango. Dirishani kulikuwa na nondo.

"Baba Wambui," yule mama akaita, "sasa unatokea wapi?"

"Mpelekeeni chai!"

"Mwacheni akauke nayo."

Mwenyekiti akasema mkutano uendelee, na kweli ukaendelea, nikiwasikia kupitia mabati: watoto wafagie na kupanga madarasa yao, lakini vyoo na hii sakafu wazazi washike zamu. Wakapiga kura. Mimi pia niliinua mkono kule konani. Hakuna aliyeuhesabu.

Nikaamua kutoka kwa hatua ndefu. Ya kwanza ilikubali. Ya pili ilinikalisha, nikateleza nimekaa mpaka karibu na kizingiti, suti yote ikabadilika rangi, na watu wakacheka mpaka wengine wakashikana mabega.

Wambui hakucheka. Alivua viatu, akakunja mikono ya sweta, akaenda hadi ukuta wa mwisho, akaanza kupaka akirudi nyuma, akifuta alama zangu moja moja, na Njoroge akawa anamsogezea karai na maji bila kuambiwa, hawasemezani, kama watu waliofanya kazi hiyo pamoja mara nyingi, na mimi pale nje nikichuruzika nililionea wivu hata lile karai.

Walipofika mlangoni Wambui akaniuliza, "Kwani nyinyi mlikuwa mnaanzia wapi?"

"Mimi nilikuwa nachota maji."

Hapo ndipo alipocheka, mpaka akaketi kwenye kizingiti. "Ngai! Si ungesema tu? Tungekupa mtungi."

Nilirudi Gitothua nimevaa suruali ya Njoroge. Nilitamani inibane ama inipwaye. Ilinitosha kabisa, na hilo nalo liliniuma. Likizo Wambui alikuja, akalala kwenye kile kitanda, na kila jioni akampigia Njoroge simu kuuliza kama ng'ombe amekula.

Miguu yangu haikukubali kutulia. Nilipata kazi ya visima Marsabit, nikamrudishia mwenye nyumba chumba chake, kitanda nikampa mama wa chapati, na siku ya kuondoka kabisa nikapitia shuleni kurudisha suruali, imefuliwa na kupigwa pasi. Ilikuwa Ijumaa, zamu ya Njoroge, na Wambui alikuwa amekataa kubaki nje. Nilikuwa nimeapa kwamba sitapinga tena neno zuri kwa sababu ya mdomo lilikotoka, kwa hivyo nilisalimia tu.

"Baba wa Lodwar," Wambui akasema bila kuinua kichwa, "mitungi iko pale."

Nikaenda kwenye tangi, nikaijaza. Nikiwa narudi nikamsikia akisema, "Baba, hebu angalia kama hapa ni sawa," na mwenye kuulizwa hakuwa mimi. Wivu ukanishika tena, mbichi kama siku ile, lakini nilikuwa nimebeba mitungi miwili na sikuwa na mkono wa kufanyia ujinga.