Kizigeu cha Delta

Mama yangu analima mpunga delta, lakini kwake ni Mahege, kijiji cha nchi kavu. Kwa watu wa Rufiji hilo halihitaji maelezo. Msimu ukifika anafunga vyombo, anapanda boti na kuhamia shambani, analala kwenye dungu, kibanda cha juu ya miti, akiamia ndege wasile mpunga. Akishavuna anarudi nyumbani. Dungu si nyumbani kwa mtu.

Miaka hii maji ya chumvi yanapanda mtoni na kuingia mashambani, na mpunga wake unaungua ungali mchanga. Ndiyo maana mradi mmoja ulipokuja na mbegu inayostahimili chumvi, nilifurahi kupita kiasi. Walitaka kwanza kupima kama wakulima wa delta wameumia kuliko wenzao. Mimi, niliyesomea takwimu, nikaajiriwa pale Kibiti kupiga hesabu. Wadodosaji walizunguka vijijini kiangazi, watu wakiwa majumbani.

Tuliangalia mambo mawili: ekari, ambazo huongezeka kidogo kidogo, na eneo, ambalo ni ama nchi kavu ama delta, hakuna katikati. Kila jambo hupata namba yake, tunaiita kizigeu. Cha ekari kinakuambia mavuno yanapanda kiasi gani ekari moja ikiongezeka, kwa watu wa eneo moja. Cha delta kinasomwa vingine. Nchi kavu ndiyo tuliyoifanya kipimo, kwa hiyo kizigeu cha delta kinataja pengo tu: mkulima wa delta amepitwa kiasi gani na mwenzake wa nchi kavu mwenye ekari sawa na zake. Hakisemi alivuna nini. Njaa hakiijui kabisa.

Kikatoka karibu na sifuri.

Bosi wangu, mtaalamu aliyetoka Dar, alikisoma vizuri tu. "Delta hawajaumia kuliko wengine," akasema. "Mbegu iende wilaya nyingine." Haikuniingia akilini. Niliyaona mashamba yale kwa macho yangu, mpunga umekuwa mwekundu kama majani ya kuezekea. Nikatoka nje, nikampigia mama.

"Mama, wale wa maswali walikuuliza unaishi wapi?"

"Waliniuliza. Nikawaambia Mahege. Kwani mie naishi wapi, mwanangu?"

"Na wenzako wa kule shambani?"

"Kila mtu kasema kwao. Utasemaje unaishi kwenye dungu, wewe ndege?"

Nilicheka, kisha nikaelewa kilichotokea. Waliounguliwa mpunga karibu wote waliandikwa nchi kavu. Hasara yao ilikuwa imekishusha kipimo chenyewe, yaani mavuno ya nchi kavu, na kipimo kikishuka pengo litaonekana wapi? Ukilinganisha uji na uji, usitegemee kuona wali.

Nilirudi kwa bosi nikamweleza. Nilijiandaa kubishana, lakini hakubisha hata kidogo. Alivua miwani, akasikiliza mpaka mwisho, akasema kweli swali lilikuwa baya, wakulima walipaswa kuulizwa wanalima wapi. Halafu akasema ripoti imeshakwenda, wakubwa wameshaamua, na fungu la kurudi vijijini halipo. Angenibishia ningemchukia, nikapata pa kushika. Mtu anayekubali kuwa umesema kweli na bado hafanyi kitu, unamfanya nini?

Mwisho wa wiki nilikwenda Mahege kumwambia mama kuwa mbegu haiji, na kwa nini. Alikuwa anapepeta mbegu ya zamani, ile ile inayokufa kwa chumvi. Hakulia, hakulaumu. Aliendelea kupepeta, nami nilitamani anitukane.

"Kumbe nimewaponza wenzangu," akasema.

"Hukukosea, mama. Swali ndilo lililokosewa."

Akaweka ungo chini, akauliza kwa upole, kama mwanafunzi anayetaka kufaulu: "Sasa wakija tena, nijibuje?"

"Sema delta," nikamwambia.

Akarudia polepole, ili asisahau. Delta. Nami nikashindwa kumwambia kwamba hawarudi.