Kinyonga wa Nyawira na Mgeni Asiyeona Maji

Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, halafu anisikilize. Mimi si mtu wa habari za mashetani. Nimezika mume, nimelea watoto sita, nimechuma majani chai kwenye baridi ya Tetu miaka mingi kuliko umri wako, na sijawahi kukimbizwa na zimwi. Lakini hili nililiona kwa macho yangu mawili, na wala halikuwa jambo la usiku. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, nimekaa mlangoni pa jikoni nikichagua maharagwe. Sikuwa nimesinzia. Sikuwa na homa. Pombe siijui hata harufu yake ikiwa mbichi.

Wacha nianze na mtoto, kwa sababu bila mtoto hakuna habari.

Nyawira ni mjukuu wangu, binti wa binti yangu, wa miaka minane; mimi ananiita cucu, yaani nyanya. Mamake anauza viazi sokoni Chaka. Mwezi wa sita alishikwa na tumbo, akapasuliwa hospitalini huko mjini, na kidonda kikakataa kufunga. Kinaoshwa, kinaanza kukauka, kinafunguka tena. Mtoto akaletwa kwangu, hapa upande wa Giakanja. Kila jioni ni swali moja tu, mama anarudi lini. Nami nikafanya kosa. Ili alale, nikamsimulia ile hadithi yetu ya zamani, ati Mungu alimtuma kinyonga aje awaambie watu kwamba hawatakufa. Kinyonga akaja polepole, akafika, akaanza, "Nimeambiwa niseme... nimeambiwa niseme..." Akakwama hapo hapo. Ndege akatua, akasema watu watakufa, na ikawa hivyo.

Nilipomaliza mimi nilisinzia. Mtoto hakusinzia.

Kesho yake alitoka shule na kinyonga ndani ya sweta. Wa kijani, na pembe tatu puani kama kifaru mdogo.

"Toa hiyo kitu kwa nyumba yangu!" nikamwambia.

"Sitoi, cucu. Nataka amalize kusema."

"Amalize kusema nini?"

"Ile maneno alitumwa. Akimaliza, mama hatakufa."

Sasa niambie, wewe ungemjibu nini? Na nitakuambia jambo lingine ambalo sijivunii. Tulipokuwa wasichana tukichunga mbuzi, tukimkuta kinyonga tulikuwa tunamfungua mdomo kwa kijiti na kumtia ugoro, tuone akigeuka rangi hii na hii mpaka afe. Tulicheka sana. Nilifanya hivyo kwa mkono wangu, na si mara moja. Kwa hivyo sikuwa na uso wa kumfukuza huyo mmoja.

Basi tukamfuga. Nilimtilia kitawi ndani ya karai kuukuu, nikafunika na wavu wa kuku. Mwezi wa saba huku kwetu jua unaweza kulisahau, ukungu unashuka asubuhi na unakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Nikaona mnyama atakufa na baridi. Nikamweka jikoni, karibu na moto, pahali ninapoweka hata vifaranga. Maji nikamwekea kwenye kifuniko cha sufuria, safi, nabadilisha kila asubuhi. Nyawira alimtegea nzi na panzi. Tulimtunza vizuri kuliko watu wengine wanavyotunza wazazi wao.

Akaanza kuugua hata hivyo.

Siku ya tatu akaacha panzi. Siku ya nne ile kijani ikaisha, akawa rangi ya jivu. Macho yake, yale yanayozunguka kila moja kivyake, yakazama ndani ya kichwa, na mchana kutwa ameyafumba. Ngozi ikajikunja kama kiazi kilichosahauliwa stoo. Choo chake kikatoka cha rangi ya chungwa, kikavu kama chaki. Siku ya sita akaanguka kutoka kwa kitawi, akalala chini ya karai karibu na kile kifuniko cha maji, hajakigusa.

Nilienda sokoni kwa kijana anayeuza dawa za mifugo. Akaniangalia.

"Cucu, nimeuza dawa ya ng'ombe, ya kuku, ya mbwa, hata ya sungura. Kinyonga? Mtupe mtoni kabla hajakuletea mambo."

Jirani yangu Mama Karimi naye akasimama kwa ua akapaza sauti, "Ati umefungua wodi ya vinyonga? Nyoka akishikwa na kikohozi nimlete?"

"Mlete," nikamwambia, "na wewe uje naye, nyote mnatoa ulimi kupita kiasi."

Nilicheka naye, lakini moyoni hapakuwa na kicheko. Jumatatu hiyo binti yangu alikuwa amepiga simu. Daktari amesema Ijumaa watafungua tumbo tena. Nilidhani mtoto yuko nje. Hakuwa nje. Alisikia, akaja akachuchumaa karibu na karai, akaniuliza bila kulia, "Cucu, mama na kinyonga watakufa siku moja?" Usiku hakula. Asubuhi hakula. Akaenda shule na tumbo tupu, na mimi nikabaki na maharagwe yangu, nikijua huyo kinyonga hatafika jioni, na sijui nitamwambia nini mtoto.

Hapo ndipo nikasikia, "Hodi."

Ilikuwa inanyesha ile mvua nyembamba, ya kulowesha bila sauti. Kwenye ukungu amesimama mama mmoja, mwembamba, rika langu au amenizidi kidogo, ndani ya koti refu la rangi ile ile ya ukungu. Lango langu lina mnyororo na kipande cha bati, mtu akilifungua hata Mama Karimi anajua. Sikuwa nimelisikia.

"Karibu, mama," nikasema.

Akaja. Lakini alitembea vipi! Anainua mguu, anautingisha mbele na nyuma kama mtu asiyeamini daraja, halafu ndipo anaukanyaga. Hatua kumi zilimchukua muda wa kuchagua kikombe kizima cha maharagwe. Nikafikiri ni miguu, sisi wazee tuna miguu. Alipofika mlangoni akashika mwimo, na niamini, lile koti halikuwa tena la ukungu. Lilikuwa la kahawia, kama mbao za jikoni kwangu.

"Nina kiu," akasema.

Nikaingia, nikamchotea maji kwenye kikombe cha bati, nikamnyoshea. Hakupokea. Jicho lake moja lilikuwa kwangu. La pili lilikuwa linatembea kwenye paa, polepole, likifuata nzi. Nikaomba Mungu kimoyomoyo.

"Maji yako wapi?" akauliza.

"Si haya hapa, mbele yako!"

"Siyaoni."

Nikamshika mkono nikamwekea kikombe. Ule mkono ulikuwa baridi na mkavu kama ganda la mahindi, na vidole vimeshikana, viwili upande huu, vitatu upande ule. Akakishika, akakitazama kwa jicho moja, kisha kwa lingine. Akakiweka chini.

"Hayatembei," akasema. "Maji yasiyotembea siyaoni."

Hapo hofu yangu ikageuka hasira. Kwetu mgeni hatoki bila kutia kitu mdomoni, na anayekataa kikombe chako amekuita mchawi mbele ya nyumba yako. Nikamwambia kwa ukali, "Mama, hapa kwangu hakuna sumu."

Akanigeuzia macho yote mawili kwa pamoja. Hilo lilikuwa baya kuliko yakiwa mbalimbali. "Unanuka ugoro," akasema, na akarudi nyuma hatua moja. Kopo langu la ugoro lilikuwa kiunoni, kama kila siku. Halafu, "Na ndani kwako kuna joto la kuua."

Akageuka, akaenda kwa ua. Ua wangu ni wa kaiyaba, miiba yake ni mirefu kama kidole, hata mbuzi anauheshimu. Akasimama chini ya matawi, akainua uso. Tone likaning'inia kwenye jani, likatetemeka, likaanguka. Akalipokea. Na lingine. Na lingine. Alikunywa kama ndama aliyefungiwa, akitafuna yale maji, na kila tone lililoingia koti lilizidi kuwa kijani, mpaka nikashindwa kujua koti limeishia wapi na jani limeanzia wapi. Nikapangusa macho. Hakukuwa na mtu. Hakuna jani lililotikisika, hakuna uzi ulioachwa kwenye mwiba.

Nilikaa hapo nikiwa na tray ya maharagwe miguuni, sijui nimeiangusha saa ngapi. Nitasema ukweli, nilitaka kukimbia kanisani. Halafu nikageuka ndani ili nichukue kitambaa cha kichwa, na macho yangu yakaangukia lile karai. Moto kando yake. Kifuniko kimejaa maji, yametulia kama kioo. Na mnyama amelala pua karibu nayo, anakufa na kiu.

Mimi mjinga! Siku sita!

Nilimshika kwa mkono wangu mtupu, mimi ambaye nilikuwa sijagusa kinyonga tangu ule ujinga wa utotoni. Lakini kwanza niliosha mikono kwa sabuni, mara mbili, na lile kopo la ugoro nikalitupa chooni. Nikamweka kwenye kaiyaba, chini, pasipo na upepo. Mvua ilikuwa imekatika, basi nikachovya tawi kwenye ndoo na kukung'utia majani yaliyo juu yake. Matone yakaanza kutembea. Nikangoja. Nikakung'uta tena. Mkono uliuma, mgongo uliuma, Mama Karimi akapita akauliza kama sasa ninabatiza. Nikachovya tena.

Jicho moja likafunguka. Likageuka juu. Tone likamwangukia puani, na mdomo ukafunguka, ukaanza kutafuna, na koo likapanda na kushuka. Akanywa. Akanywa tena. Nilijisikia nikisema kwa sauti, "Kunywa, baba, kunywa," kama ninayemnywesha mtoto.

Nyawira aliporudi saa kumi aliona karai tupu kwanza. Alipiga ukelele ambao sitaki kuusikia tena. Nikamburuta kwa mkono mpaka kwa ua. Kinyonga alikuwa amepanda hadi usawa wa kichwa chake, mbavuni kijani imeanza kurudi, na mbele yetu akatoa ule ulimi na kunyakua nzi.

Mtoto akasogea karibu. "Amemaliza kusema?"

"Atasema vipi na koo kavu?" nikamwambia. "Mwache anywe. Na mama yako yuko mikononi mwa daktari na Mungu, hayuko mikononi mwa huyu. Ingia ndani ule."

Akaingia. Akala sahani mbili za maharagwe hayo hayo, mengine yakiwa na mchanga.

Ijumaa walifungua tumbo, wakaosha, wakashona, na safari hii kidonda kikashika. Wiki tatu baadaye binti yangu alishuka hapa langoni amekonda, lakini kwa miguu yake. Sisemi mambo hayo mawili yanahusiana. Nasema tu nililala usingizi ambao nilikuwa nimeusahau.

Ugoro sijanusa tena. Kinyonga hatukumfunga tena. Alikaa kwenye ua mpaka mwezi wa tisa, siku moja hatukumwona, na hakuna aliyelia. Na kila asubuhi isiyo na umande natoka na ndoo na tawi, nakung'utia kaiyaba. Majirani wanasema uzee umenifika. Sijali. Siku mbili tatu nimeona majani yanainama pasipo na upepo, na nimesema "karibu, mama," kisha nikaingia ndani ili anywe bila kuonwa.

Wewe unayenisikiliza, kama umemfungia kiumbe yeyote ndani kwako, usidhani anakunywa kwa sababu umemwekea maji. Simama umwone akimeza. Na mgeni akikataa kikombe chako, usimfokee kama nilivyofoka mimi. Muulize anakunywa vipi, na kama huwezi kuuliza, mwachie njia afike kwenye ua. Usimfuate. Mimi nilikuwa na bahati, wangu aligeuka akaenda zake.