Mashine ilisifu mgongo wa shangazi, lakini kikwembe chake kiliburuza chini

Salamu wakuu.

Nimesoma uzi wa ndugu yetu anayeshangilia kwamba mama yake amepimwa mifupa na majibu ni mazuri. Nafurahi naye. Ila kabla hamjamchinja kuku, nisikilizeni kidogo. Haya niliyaona mwenyewe. Mimi ni mchuuzi, nikidanganya nadanganya kwenye bei, si kwenye habari za mgonjwa.

Ilikuwa Kindu, enzi za Zaire. Utawala wa chama kimoja ulikuwa unakaribia mwisho wake, ila sisi hakuna aliyetuambia.

Niliuza mchele soko la Kasuku. Shangazi Zaina, dada wa baba yangu, ndiye aliyenilea. Alilima mihogo ng'ambo ya mto Lualaba, akaileta sokoni kwa kitunga cha mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso. Mjane yule hakuomba mtu chumvi. Kitunga kile ndicho kilikuwa heshima yake.

Kisha mgongo ukaanza kumuuma. Na vikwembe vyake, zile sketi za kitenge, vikaanza kuburuza chini.

Nikambebea fundi cherehani vikwembe vyote, nimekasirika. Nikamwambia ameshona virefu makusudi ili alipwe mara ya pili kuvikata.

"Citoyen," akasema, kama tulivyoitana enzi zile, "kitambaa hakirefuki kikiwa sandukuni. Labda mama njo alifupika!"

Tulicheka wote. Nikambana mpaka akavipinda bure, nikaondoka najiona mjanja.

Binti yake shangazi aliyekuwa Kinshasa akamwita akatibiwe. Huko kliniki moja ilikuwa imepata mashine mpya ya kupima uzito wa mifupa. Unalala, inapita juu yako, huhisi kitu. Wakampima uti wa mgongo tu. Jibu: mgongo wako ni mzuri kuliko wa wenzako wa umri wako.

Wakuu, alirudi kama bibi harusi.

Nikamwambia apumzike. Akanitazama juu chini.

"Mutoto wa kaka yangu, weye unaona mugongo yangu ya inje. Mashini iliona ya ndani. Nani kati yenu anajua?"

Nani ananishinda kubishana? Yeye peke yake.

Akarudi shambani. Siyo muda, asubuhi moja pale kwenye mitumbwi, aliinuka na kitunga kimejaa, akaketi tena taratibu. Hakupiga kelele. Wanawake waliokuwa naye walisema uso wake uligeuka rangi ya majivu. Tukambeba kwa machela.

Hospitalini hakukuwa na mashine ya Kinshasa. Kulikuwa na ile ya picha ya kawaida tu, eksirei. Daktari akainyanyua picha dirishani, akatuonyesha pingili za mgongo. Moja imepondeka upya. Nyingine mbili zilipondeka zamani, bapa kama sabuni iliyokwisha.

Shangazi akauliza, "Basi ile mashini ilinidanganya?"

"Hapana, mama. Iliulizwa swali moja, ikajibu hilo. Inapima madini ya mfupa katika eneo la picha. Pingili ikipondeka, madini yaleyale yanabanana mahali padogo, namba inapanda. Na hata namba ikiwa ya kweli, haijui kama mama anateleza matopeni, wala anabeba nini."

Nikakumbuka mchele uliolowana: mizani inausifu, sufuria inaulaani. Mimi naujua mchezo huo tangu utoto, na bado namba ile nilikuwa nimeimeza bila kutafuna.

Daktari akageukia kwangu. "Hamkuona kama mama anapungua kimo? Nguo hazikumzidi?"

Nikaangalia dirishani.

Akamkataza kitunga. Shangazi akasema polepole, "Sasa bila kitunga, niko nani?"

Jibu lilitoka kwa wanawake wa likelemba yake, wale wanaolimiana mashamba kwa zamu. Walikuja nyumbani wakasema mihogo ya Zaina wataigawana vitungani mwao, kila mmoja kidogo. Yeye atawalipa kwa kukaa kitako akiwachagulia mchele mawe. Akabishana nao juu ya masharti mpaka jua likapanda. Nikajua atapona.

Lakini kuingia Kasuku mgongo mtupu alikataa. Akawa anatembea nyuma yao, kamba kwenye paji la uso, kitunga kitupu. Soko lote lilijua. Hakuna aliyemuuliza.

Siku moja nikamsaidia kukitua. Nikachungulia ndani. Muhogo mmoja.

"Shangazi!"

"Moja si muzigo," akasema. "Nyamaza, unanivunjia bei."

Wakuu, sisemi msipime. Kipimo kile kinasaidia wengi. Nasema namba si mgongo. Mzee wako akipimwa, mwambie daktari alianguka lini, alivunjika wapi, amepungua kimo kiasi gani. Maumivu yakiendelea huku majibu yakisifu, omba na picha ya kawaida. Na nguo za mama zikianza kuburuza, usikimbilie kwa fundi cherehani.

Kama kwenu kuna mzazi aliyepimwa hivi, tuambie ilikuwaje. Na wenye taaluma, nilipokosea nirekebisheni. Kwa hili sitabishana bei.