Majani ya Nyanya za Makambi

Upande wetu wa Muhuru Bay jua halina adabu. Lilikausha omena, wale dagaa wetu wa ziwani, kabla ya adhuhuri, na nyanya za kila mtu lilizikausha vilevile, isipokuwa za mama yangu. Miche yake aliipanda kati ya mistari ya mihogo ipate kivuli, akaitandazia nyasi kavu shinani, akaimwagilia maji ya ziwa alfajiri. Ijumaa jioni aliimwagilia mara mbili, kwa sababu Jumamosi ni Sabato na ndoo haiguswi.

Mwaka mmoja wa tisini na kitu, nikiwa darasa la tano, mama alijitapa kanisani. Nyanya za makambi, ule mkutano wetu wa kila Agosti, zilizoea kutoka mbali. Safari hii, akasema, atazileta yeye. Wenzake wakacheka: nyanya, kwa jua hili?

Wiki moja kabla ya makambi zilikuwa bado kijani, na mama akaanza kukosa raha. Mimi, mjuaji, nikawaza: omena huwa tayari kwa kuanikwa, basi na nyanya zianikwe. Alipokwenda ziwani niliyachuma majani yote yaliyozifunika. Nilijiona bwana shamba kamili!

Siku ya tatu zilikuwa na mabaka meupe upande wa jua, ngozi imejikunja kama ya mtu aliyemwagikiwa uji moto. Mama alizitazama, kisha akanitazama mimi. Hakunipiga. Heri angenipiga. Zilipoanza kuiva tulizikata sehemu mbovu, tukabeba zilizosalia, nusu beseni.

Msimamizi wa jiko la makambi alikuwa mama wa Kikuria kutoka Isebania, kwa hiyo pale tulisema Kiswahili, si lugha ya nyumbani. Alikigeuza kipande kimoja mkononi.

"Dada, hii nyanya imechomwa na jua. Nani alitoa majani?"

Nilishika gauni la mama kwa nyuma.

"Ni mimi," mama akasema. "Nilikuwa na haraka ziive."

Jiko zima likacheka. Mama naye akacheka, akaketi kumenya vitunguu.

Sikuwahi kumsikia akisema uongo mwingine, hata wa kumfariji mgonjwa. Sasa nalima nyanya zangu Homa Bay, zimejificha ndani ya majani yake, na kila nikizimwagilia Ijumaa jioni namkumbuka sana. Wale wenzake walimwita Mama Haraka maisha yake yote. Walimwita hivyo hata siku tulipomzika, wakicheka na kulia, na mimi sikufungua mdomo.